Mume au mke wako ni mgeni? Namna ya kumwekea makaratasi ya kuishi Mtwara na Lindi, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila siku. Dada yuko Ligula kaolewa na Mhindi aliyekuja kwa mambo ya korosho, kaka yuko Tandahimba mke wake katoka ng'ambo ya Ruvuma, kijana wa Nachingwea kakutana na mzungu aliyekuja kujitolea shuleni wakapendana wakaoana, na wote wakija wanauliza kitu kimoja, si tumeshafunga ndoa, sasa Uhamiaji wanataka nini tena? Mimi kazi yangu ni steshenari hapa Mtwara mjini, nawaandikia watu barua, naskani, nawajazia fomu, na naona jinsi familia zinavyopata presha kwa vitu ambavyo vingewekwa sawa mapema visingesumbua kabisa. Kwahiyo naandika yote hapa ili ukija ofisini au ukikaa kwenye kompyuta ujue unaanzia wapi.

Jambo la kwanza kabisa ulielewe. Ndoa haimpi mgeni ruhusa ya kuishi Tanzania. Ndoa inakupa wewe sababu ya kuomba hiyo ruhusa. Viza inamwingiza nchini, muhuri wa mpakani au uwanja wa ndege unampa siku, na zile siku zikiisha bila kuomba kitu kingine basi yupo kinyume cha sheria hata kama ana watoto watatu na wewe na shemeji zake wote wanampenda. Kitu anachotakiwa kuwa nacho ili aishi na wewe ni pasi ya mtegemezi, ile watu wanaita dependanti. Inaombwa Uhamiaji, inaombwa kwa jina la mwenyeji ambaye ni wewe, na inaombwa wakati siku za muhuri bado zipo. Ukishika hilo nusu ya kazi umemaliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya hivi vyote kwanza, usianze na karatasi mbili ukisema nyingine zitakuja.

- Paspoti ya mgeni, iwe na miezi 6 au zaidi mbele, pamoja na kopi ya ukurasa wa picha na ukurasa wenye muhuri wa kuingia
- Cheti cha ndoa, orijino na kopi
- Ushahidi wa uraia wako: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, na paspoti kama unayo
- Picha za paspoti saizi, za karibuni
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji
- Barua yako ya maombi (nimeandika mfano chini)
- Kitu kinachoonyesha unamudu kumtunza mwenzio
- Imeili inayofanya kazi na namba ya simu ambayo hutaibadilisha kesho

Hapo kwenye kumudu watu wa kwetu wanapata hofu wakidhani wanatakiwa wawe na slipu ya mshahara. Mkulima wa korosho hana slipu, ana akaunti. Hela ya korosho siku hizi inapita benki, kwahiyo nenda benki chukua taarifa ya akaunti yako inayoonyesha malipo ya msimu, ongezea barua ya AMCOS yako, yani chama chenu cha ushirika cha wakulima, kwamba wewe ni mwanachama na unauza kupitia kwao. Mwenye duka achukue leseni na karatasi za TRA. Mvuvi wa Mikindani au Kilwa aliye kwenye kikundi achukue barua ya kikundi. Ni ushahidi halali kabisa, usione aibu kuupeleka.

Hatua ya 1: Fungua paspoti uangalie muhuri

Kabla ya yote. Tafuta muhuri wa kuingia, soma tarehe, soma siku alizopewa, alafu andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu.

Kama bado hajaja na nchi yake inahitaji viza, aombe mtandaoni kwenye visa.immigration.go.tz. Viza ya kawaida ni dola 50 ya kuingia mara moja na haizidi siku 90, Wamarekani wao wanalipa dola 100 na yao ni ya kuingia mara nyingi. Kuna tovuti za ujanja zinafanana fanana na ya serikali zinakutoza mara mbili tatu, angalia mwisho wa anwani lazima iwe .go.tz, kama sio hiyo toka. Kuna nchi ambazo maombi yao yanapelekwa kwanza kwa Kamishna Jenerali na hayo huchukua muda zaidi, kwahiyo asikate tiketi ya ndege kabla ya jibu. Na kwenye fomu aandike ukweli kwamba anakuja kwa mwenzi wake, asiandike utalii wa Serengeti wakati anakuja Newala, maana maelezo ya kwanza yanabaki kwenye mfumo na siku mnaomba pasi yanasomwa.

Raia wa Msumbiji hahitaji viza. Hapa ndio kwenye shida kubwa ya mkoa wetu. Kutohitaji viza haimaanishi kutohitaji muhuri. Watu wanavuka Ruvuma kwa mtumbwi kama wanavyovuka siku zote tangu babu zao, Wamakonde wako pande zote mbili, harusi ziko huku misiba iko kule, lakini paspoti inabaki nyeupe. Siku mnafika ofisini afisa anapekua kurasa moja moja, anarudi mwanzo anapekua tena, anauliza huyu aliingia lini na wapi, na hamna jibu. Mwambie mwenzio apite Kilambo au apite Mtambaswala pale Daraja la Umoja, agongewe muhuri, basi. Ni mzunguko kwa baadhi ya vijiji najua, ila huo muhuri ndio unaobeba maombi yote yanayofuata.

Mkenya, Mganda na wengine wa Afrika Mashariki nao wanaingia bila viza na wanaweza kupewa mpaka miezi 6, lakini miezi 6 nayo inaisha, usilale.

Kosa la kawaida: kumtoa mgeni nje siku moja akagonge muhuri Kilambo alafu arudi apate siku mpya, na kurudia hivohivo mwaka mzima. Maafisa wanaona hiyo mihuri yote imepangana. Ukifanya mara moja wakati mnasubiri cheti unaweza ukaelezea, ukiifanya ndio njia yenu ya kuishi siku moja atazuiwa mpakani na wewe uko nyumbani na watoto.

Hatua ya 2: Cheti cha ndoa kiwe cheti kweli

Maombi mengi yanakwama hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwahiyo soma taratibu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Zote ni ndoa. Lakini Uhamiaji wanataka kuona cheti, na cheti kinatokana na mfungishaji mwenye leseni, kwenye kitabu kinachotambulika, na nakala inakwenda kwa msajili, yani RITA. Sheikh wa mtaani asiye na leseni akisoma khutba na watu wakala pilau, kidini mmeoana, ila mkononi hamna kitu cha kupeleka ofisini. Vilevile mchungaji. Kwahiyo kabla ya harusi muulize kwa heshima, shehe wangu au mchungaji wangu, una leseni ya kufungisha na una kitabu cha vyeti? Hatokasirika, mwenye leseni anajivunia leseni yake.

Kama bado hamjaoana mnatakiwa mtoe tangazo la nia ya kuoana siku 21 kabla. Hesabu hizo 21 ndani ya siku za muhuri, nimeona wapenzi wanaingia nchini wakiwa na siku 90, wanazunguka kuonana na ndugu, Masasi wiki mbili, Lindi wiki mbili, pwani kupumzika, wanakuja kukumbuka tangazo siku zimebaki chache. Mgeni aje na barua au hati kutoka kwao inayoonyesha hana ndoa nyingine inayomzuia, na kama alishaachika aje na karatasi ya talaka, kama alifiwa cheti cha kifo. Hizi karatasi anazipata akiwa kwao, akishafika Mtwara kuzipata ni mateso.

Ndoa ya kiserikali mnafunga kwa mkuu wa wilaya, kule tunakosema bomani. Mimi nikiulizwa huwa nashauri hiyo kwa wenye haraka au wenye dini mbili tofauti, inaacha karatasi safi.

Wanaume, hili lenu. Kama ndoa yako ya kwanza ni ya Kikristo, au ilifungwa bomani ikaandikwa ni ya mke mmoja, na huyo mke yupo hai na hamjaachana kisheria, ndoa ya pili na mgeni haisimami kisheria hata ukifungishwa na nani. Na pasi itakayoombwa juu ya hiyo ndoa haisimami pia. Mwanamke wa watu katoka kwao kaacha kila kitu kakufuata, usimweke kwenye hali hiyo. Malizana na mke wako kwanza.

Na wale mnaosema tumekaa pamoja miaka 2 sheria inatutambua: ni kweli kifungu cha 160 kinazungumzia dhana ya ndoa kwa waliokaa miaka 2 na kuendelea, lakini hicho kinatumika mahakamani mkigombana mali au watoto. Sio cheti na hakichapishwi. Fungeni ndoa.

Mliofunga ndoa nje ya nchi, cheti cha huko kinatambulika kama ndoa ilikuwa halali kule ilipofungwa. Kipelekeni kigongwe muhuri na mamlaka za nchi husika na ubalozi, alafu mkiandikishe RITA ili huku ndani kiwe na rekodi.

Hatua ya 3: Linganisha majina herufi kwa herufi

Chukua paspoti, chukua cheti, kaa mezani penye mwanga. Soma jina moja moja.

Paspoti inasema Fátima, cheti kinasema Fatuma. Paspoti ina majina manne kama Wareno walivyozoesha watu wa ng'ambo, cheti kina mawili sababu shehe aliuliza unaitwa nani na baba yako nani. Tarehe ya kuzaliwa kwenye paspoti ni ya mwezi wa 3, kwenye cheti mwezi wa 8. Kwenu nyumbani ni mtu yuleyule, kwenye mfumo ni watu wawili. Na wewe mwenyeji pia jiangalie, NIDA imeandika Mohamedi, cheti cha ndoa Muhammad, cheti cha kuzaliwa Mohamed.

Mkigundua kabla hamjawasilisha, rudini kwa aliyefungisha ndoa au RITA mrekebishe, hiyo ndio dawa kamili. Tofauti ndogo ya herufi unaweza kwenda kwa wakili akakuandikia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ukaiambatanisha. Ila usitegemee kiapo kwa tofauti kubwa ya jina zima au ya tarehe, rekebisha karatasi yenyewe. Na siku ya harusi yenyewe mpe mfungishaji paspoti mkononi aandike kutoka pale, usimtajie kwa mdomo.

Hatua ya 4: Tafsiri

Karatasi yoyote ambayo haipo kwa Kiswahili au Kiingereza itafsiriwe na watu wanaotambulika. BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri nyaraka rasmi, na balozi nyingi zinaweza kukuelekeza kwa mtafsiri wanayemkubali. Binamu yako anayejua Kireno vizuri sana hawezi kukusaidia hapa hata kama tafsiri yake ni nzuri kuliko ya wote. Ambatanisha tafsiri pamoja na karatasi yenyewe, usipeleke tafsiri peke yake.

Hatua ya 5: Barua mbili

Barua ya kwanza ni ya mtendaji. Nendeni wote wawili, mwenzio aonekane sura, mtendaji ajue huyu ndiye mkwe wa mtaa wetu. Iwe na jina la mgeni kama lilivyo kwenye paspoti, muhuri, sahihi na namba ya simu ya mtendaji. Ukiishi nyumba ya kupanga chukua na mkataba wa pango.

Barua ya pili ni yako. Fupi. Watu wanakuja na kurasa tatu za historia ya mapenzi yao, walivyokutana kwenye basi la kwenda Dar, barabara ilivyokatika Somanga wakalala pamoja na abiria njiani wakaanza kuzoeana, ni nzuri lakini wekeni akiba ya mahojiano. Andika hivi:

"Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, K.K. Afisa Uhamiaji wa Mkoa, Mtwara. YAH: MAOMBI YA PASI YA MTEGEMEZI KWA MKE WANGU. Mimi (jina lako), raia wa Tanzania, mkazi wa mtaa wa ..., kata ya ..., Manispaa ya Mtwara Mikindani, naomba mke wangu (jina kamili kama kwenye paspoti), raia wa ..., paspoti namba ..., apewe pasi ya mtegemezi. Tulifunga ndoa tarehe ... huko ..., cheti namba .... Aliingia nchini tarehe ... kupitia .... Tunaishi pamoja kwenye anwani hiyo hapo juu na gharama za matunzo yake nazibeba mimi. Naambatanisha ..."

Taja kila kiambatanisho kwa namba, weka sahihi, tarehe na simu. Kama wewe ni mwanamke na mgeni ni mume, badilisha neno tu, pasi ni ileile na unayo haki ya kuwa mwenyeji wake. Kuna wadada wanakuja wameambiwa mtaani kwamba mwanamke hawezi kumwombea mume. Kwenye pasi hiyo sio kweli. Tofauti ipo kwenye uraia na nitaifikia.

Hatua ya 6: Kuomba mtandaoni na kulipa

Ingia kwenye tovuti ya Uhamiaji, immigration.go.tz, sehemu ya huduma za mtandao. Jaza fomu ya pasi, pakia karatasi zilizoskaniwa. Skani kwa mashine sio kupiga picha kwa simu juu ya kitanda chenye shuka la maua, nasema hivi kwa sababu zinaletwa. Karatasi yote ionekane, kona nne, muhuri usomeke. Kila faili lipe jina: cheti cha ndoa, paspoti, barua ya mtendaji.

Jaza taratibu na mwenzio akiwa pembeni, namba ya paspoti isome mara mbili kwa sauti. Hifadhi namba ya maombi, piga picha, jitumie kwa imeili.

Malipo ni kwa kontrol namba peke yake, ina tarakimu 12 na inaanza na 99, unalipa benki au kwa simu na jina la Uhamiaji linatokea kabla hujathibitisha. Kiasi cha ada kinaonekana hapohapo kwenye bili. Mtu yeyote akikwambia nitumie kwenye namba yangu nikulipie ndani kuna haraka, huyo ni kishoka. Haijalishi amevaa nini wala anamjua nani. Kuna mama mmoja wa Lindi alikabidhi hela yote ya mauzo ya ufuta kwa mtu wa namna hiyo, akapewa karatasi yenye muhuri mzuri, siku anaipeleka ikaonekana haipo kwenye mfumo, na wakati huo siku za mume wake zilikuwa zimeisha zamani. Inaniuma mpaka leo maana karatasi zake zote zilikuwa sawa, angeomba mwenyewe angepata. Risiti ya serikali ichapishe uiweke.

Hatua ya 7: Ofisini na mahojiano

Mtwara na Lindi zote zina ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, na wilayani zipo pia. Anza na ofisi ya mahali mnapoishi kabla ya kufikiria safari ya Dar au Dodoma, nauli ni hela.

Nendeni wawili, asubuhi, mmevaa kwa heshima, mna orijino zote kwenye bahasha na kopi kwenye bahasha nyingine. Mnaweza kuulizwa maswali mkiwa pamoja au kila mtu peke yake: mlikutana wapi, mahari ilikuwa nini, mashahidi ni akina nani, nyumba ina vyumba vingapi, mama mkwe anaitwa nani. Wanaweza pia kuja mtaani kuulizia. Hii sio kuwadharau, kuna watu wananunua ndoa ili wapate makaratasi na afisa kazi yake ni kutofautisha. Jibu unachojua, usichojua sema sijui. Msifundishane majibu usiku kucha, mkikariri mnasikika. Kama mwenzio Kiswahili bado, waambie mapema apate wa kumtafsiria, asiwe anaitika ndiyo ndiyo kwa kila swali, maana akiulizwa umewahi kufukuzwa nchini akaitika ndiyo mtaanza upya.

Baada ya hapo mnasubiri. Hakikisha mna ushahidi kwamba maombi yapo mezani (namba ya maombi na risiti), na mwenzio atembee na kopi yake. Siku za muhuri zikikaribia kuisha na jibu bado, usikae nyumbani ukisema si nimeshaomba. Rudi ofisini kabla ya tarehe uulize afanye nini, wao ndio watakwambia kama anahitaji pasi maalum ya muda.

Hatua ya 8: Pasi imetoka, isome

Soma jina, namba ya paspoti, tarehe ya mwisho. Kosa likionekana siku hiyohiyo ni rahisi kurekebishwa. Kuhuisha anza mapema, mkulima panga kwa kuangalia msimu wako: kama pasi inaisha mwezi wa 6 au wa 7, hela ya korosho ya mwaka jana mara nyingi imeshakwisha na mnada mpya bado, kwahiyo ada itenge pale unapolipwa.

Alafu vitu viwili ambavyo pasi haimpi.

Haimpi kazi. Mtegemezi akitaka kuajiriwa lazima apate kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia. Hata kufundisha Kiingereza twisheni kwa kulipwa ni kazi. Na biashara ndogondogo kuna amri ya Julai 2025 inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ndani yake kuna duka la rejareja, uwakala wa hela za simu, kutengeneza simu, saluni, udalali, na kununua mazao shambani. Hilo la mwisho ndilo la kwetu. Mume wako mgeni akizunguka Newala na mizani kununua korosho kwa wakulima, faini inaanzia milioni 10 au kifungo mpaka miezi 6 na viza au kibali kinafutwa, na wewe raia unayemsaidia faini milioni 5 au miezi 3. Duka kama ni lako liwe lako kweli, leseni yako, wewe ndiye unayeliendesha.

Haimpi ardhi. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu wake. Kiwanja cha Mikindani au shamba la mikorosho ukiandika jina lake mnajitafutia kesi. Kaeni mkubaliane mapema namna ya kulinda jasho la kila mmoja, ikiwezekana mbele ya wakili.

Na uraia je?

Hapa sheria haiko sawa kwa wote na mimi nalisema wazi kwamba linawaumiza dada zetu. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa, wakati mume wake yupo hai. Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, anaomba kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7, awe na mwenendo mzuri na ajue Kiswahili au Kiingereza. Kwahiyo dada mwenye mume mgeni tunza kila pasi ya zamani, kila paspoti iliyojaa, usichome wala usipe watoto wachezee. Ndio ushahidi wa hiyo miaka. Na yeyote atakayepewa uraia anaacha ule wa kwao, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na mbili.

Watoto wenu ni Watanzania kwa sababu mzazi mmoja ni Mtanzania, awe baba au mama. Wakatieni cheti cha kuzaliwa mapema. Kama wana na uraia wa upande wa pili, wakifika miaka 18 wanatakiwa wachague.

Ukikwama

Siku zimeisha na hatujaomba chochote. Nenda Uhamiaji wewe mwenyewe na mwenzio kabla hamjafuatwa. Beba cheti cha ndoa na karatasi zote, eleza ukweli. Kuna adhabu ndiyo, ila anayekuja mwenyewe na anayekamatwa stendi hawasikilizwi sawa. Usimvushe mto usiku ili aanze upya.

Aliingia bila muhuri. Hivyohivyo, ofisini kwanza. Msigonge muhuri wa kuchonga, hilo ni kosa jingine na ni kubwa kuliko la kwanza.

Hana paspoti kabisa. Wengi wa Cabo Delgado walikimbia vita vilivyoanza 2017 wakaacha kila kitu. Ubalozi wa Msumbiji uko Dar es Salaam, aanze huko kupata hati ya kwao. Aende na chochote alichonacho hata kopi, hata kadi ya kliniki, hata ndugu mwenye paspoti anayeweza kumthibitisha. Kama anaogopa kurudi kwa ajili ya usalama wake aseme hilo wazi Uhamiaji, maana mambo ya ukimbizi yana utaratibu wake tofauti na ndoa.

Cheti hakionekani RITA. Rudi kwa aliyefungisha, muulize nakala aliipeleka lini. Mara nyingi kitabu kipo kabatini kwake hakijapelekwa. Mfuate kwa upole mpaka kifike.

Tumekataliwa. Omba sababu kwa maandishi, alafu rekebisha hiyo sababu tu. Usitume maombi yaleyale mara ya pili ukitumaini afisa mwingine.

Mwenyeji mwenyewe ni mgeni, labda anafanya kazi kwenye gesi Madimba au kiwanda cha saruji na anataka kumleta mke. Pasi ni ya mtegemezi vilevile ila inafuata kibali cha mwenyeji, kibali kikiisha na pasi inaisha. Mwambieni mwajiri aombe vyote pamoja.

Tumeachana, au mwenyeji kafariki. Pasi ilisimama juu ya ndoa, kwahiyo nendeni mkatoe taarifa msisubiri tarehe iliyoandikwa ifike. Kama kuna watoto beba vyeti vyao vya kuzaliwa, na mjane aende na cheti cha kifo na barua ya mtendaji. Ndugu wa marehemu, msimfiche paspoti shemeji yenu ili asiondoke na watoto. Paspoti ni yake, na suala la watoto kama hamjaelewana lipelekeni ustawi wa jamii.